Pikipiki na njia za milimani

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaosoma gazeti hili nyumbani, safari hii tuache kidogo vumbi la mgodini na kelele za kiwanda. Tuzungumze juu ya Jumapili.

Mtu amefanya kazi siku sita. Amenunua pikipiki kwa jasho lake, na sasa anataka kuonja dunia. Nani atamkataza? Lubumbashi iko mahali pa tambarare, lakini ukitoka kidogo tu, nchi inaanza kupanda na kushuka. Njia ya Likasi, kilomita 120 hivi, inapita katika misitu ya miombo, inavuka Lufira, halafu inaingia kati ya vilima. Kutoka Likasi unaweza kufika Mwadingusha, kwenye maporomoko ya maji na ile santrali ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1930. Mwenye moyo mkubwa zaidi anakwenda mpaka Kundelungu, mbuga ya taifa tangu mwaka 1970, ambako uwanda wa juu unafika karibu mita 1,700 na maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mkupuo mmoja. Sitamwambia mtu asiende kuyaona.

Lakini sisi watu wa Lubumbashi tumejifunza pikipiki Katuba, Kenya na Ruashi, kwenye avenyu zilizonyooka kama rula. Wenzetu waliotoka Kivu, waliopita mteremko wa Ngomo kati ya Bukavu na Uvira, wanajua jambo ambalo sisi hatujafundishwa: mlimani, injini ndiyo freni ya kwanza. Huko Ngomo asiyejua hilo anaangukia bondeni. Hapa kwetu vilima ni vidogo, na kwa sababu ni vidogo tunavidharau.

Nitawaeleza habari ya mfanyakazi mmoja, fundi wa umeme. Jina lake silitaji, naye mwenyewe amenipa ruhusa ya kuandika. Mwezi wa nane alikuwa akirudi kutoka kijijini kwa wakwe zake. Pikipiki ni 125, ya kawaida. Nyuma yake ameketi mkewe, mtoto yuko katikati, na juu ya portibagaji kuna gunia la makala. Walipofika kwenye mteremko mrefu akafanya wanavyofanya wengi: akazima injini ili aokoe esansi, akaiacha pikipiki iteremke yenyewe, mguu juu ya freni.

Sasa sikilizeni vizuri. Freni ya nyuma ya pikipiki hizi ni ngoma ya chuma, na ndani yake kuna viatu vinavyoibana. Ukikanyaga muda mrefu, ngoma inapata moto, inapanuka, na viatu havishiki tena kama mwanzo. Mguu unashuka, pikipiki haisikii. Fundi wetu aliona hivyo katikati ya mteremko, na mbele yake kuna kona, ile tunayoita viraje, yenye changarawe nyembamba juu ya njia. Alishika freni ya mkono kwa nguvu ilhali amekwisha kulala ndani ya kona. Gurudumu la mbele likateleza. Mti ndio uliowasimamisha.

Mtoto alitoka na michubuko. Mama alivunjika mguu chini ya goti, mifupa yote miwili. Baba aligonga kichwa. Kaske yake ilikuwapo safarini, lakini alikuwa ameivaa kwenye kiwiko cha mkono, kwa sababu ya joto. Leo anatembea, anakula, anacheka. Lakini hawezi tena kupanda nguzo, maana kizunguzungu kinamshika, na mara nyingine anasahau jina la mtu aliyefanya kazi naye miaka minane. Kampani imempa kazi ya langoni. Kaske ile nimeiona nyumbani kwake: haina mkwaruzo hata mmoja.

Watafiti waliokusanya habari za ajali kutoka nchi nyingi walikuta kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hesabu hiyo ni ya kaske iliyo kichwani, mkanda umefungwa chini ya kidevu. Mgodini hatuvai kofia kwenye kiwiko.

Basi kona inapitwaje? Jibu ni kwamba kazi yote inafanywa kabla ya kuifikia. Njia ikiwa bado imenyooka, punguza mwendo kwa freni zote mbili, shusha vitesi, kisha ingia kwa gesi kidogo. Ukiongeza mwendo mara 2, nguvu inayokusukuma nje ya kona inakuwa mara 4, si mara 2. Na kwa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja ya kushangaa, nawe umekwisha kuingia ndani ya kona bila kufanya lolote. Kwenye mteremko tumia vitesi ileile ambayo ungehitaji kuupanda, na injini iwe inafanya kazi. Esansi utakayookoa kwa kuizima haijazi hata kikombe.

Macho nayo yana kazi yake. Pikipiki inafuata macho. Mimi mwenyewe niliwahi kutazama maji ya ziwa Tshangalele yaking'aa upande wa kulia, na nilipoamka nilikuwa tayari ndani ya majani ya kando ya njia. Sikuumia, isipokuwa aibu, maana watoto wa pale walicheka sana. Ukitaka kutazama, simama, shuka, tazama hata saa nzima. Ndani ya kona tazama mahali unapotaka kutokea.

Kwetu tunaendesha upande wa kulia. Kwenye kona ya kushoto pikipiki inalala kuelekea katikati ya njia: gurudumu liko upande wako, lakini kichwa chako kimevuka mstari, na huko ndiko kinakopita kioo cha kamio. Kaeni mbali na mstari wa katikati. Tena makamio mengi yanayoingia kwa Kasumbalesa yanatoka nchi ambako usukani uko kulia. Dereva wa namna hiyo hakuoni vizuri unapompita kushoto. Na mengine yanabeba asidi ya viwanda vya shaba na kobalti. Mwezi wa pili mwaka 2019, kwenye njia ya Kolwezi, kamio ya asidi iligongana na magari mengine na watu wapatao 20 walikufa. Usifuate gari la namna hiyo kwa karibu, wala usilipite kwenye kona. Asidi ikikurukia, vua nguo upesi na ujimwagie maji mengi, nusu saa nzima, kabla ya dawa yoyote.

Juu ya baridi nitasema kidogo tu. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi, vidole vinakufa ganzi na vinachelewa kubana freni. Vaeni glavu.

Sasa neno la kazi yangu. Ajali ikitokea, watu wema wanakuja mbio, na wema huo mara nyingi unaua. Wanamnyanyua majeruhi mikono na miguu, wanamketisha kwenye pikipiki nyingine kati ya watu wawili, na kumkimbiza. Kama mfupa wa shingo au wa mgongo umevunjika, safari hiyo inaweza kumfanya kiwete maisha yake yote. Mwacheni alale, mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike, mtafute gari ambamo atalazwa juu ya ubao au mlango. Damu inayotoka kwa nguvu ibanwe kwa kitambaa safi, bila kuachia. Mguu uliovunjika ufungwe na fimbo kama ulivyo, msiunyooshe. Msimpe maji wala chakula. Kaske iachwe kichwani ikiwa anapumua vizuri. Ikiwa hapumui au anatapika, iondolewe na watu wawili: mmoja anashika shingo na taya, mwingine anaivuta polepole.

Na yule aliyegonga kichwa akainuka na kusema yuko mzima, asiachwe peke yake usiku huo. Akianza kutapika, kuumwa kichwa kinachozidi, au kusinzia ovyo, mleteni hata kama ni saa nane za usiku. Hatutawagombeza.

Kila Alhamisi, saa kumi, baada ya zamu, tunaonyesha pale dispanseri namna ya kuvua kaske na kufunga mfupa. Njooni pamoja na akina mama, maana mara nyingi ndio wanaoketi nyuma. Anayekuja na pikipiki yake, fundi wa garaji atamtazamia freni bila malipo.