Kompyuta za miaka ya 1980: mashini zilizosoma kaseti, na sababu watu wanazitafuta tena

Kuna wakati redio ilikuwa inatuma programu za kompyuta hewani. Katika miaka ya 1980, kule Yugoslavia (inchi iliyogawanyika baadaye, Serbia ni sehemu yake moja), mtangazaji Zoran Modli wa Radio Belgrade 202 alikuwa anawaambia wasikilizaji watayarishe kaseti na kubonyeza kitufe cha kurekodi. Kisha redio ilitoa kelele tu, kama stesheni ambayo haijashika vizuri, lakini kali zaidi. Kwa mtu asiyejua, ile ilikuwa fujo. Aliyerekodi vizuri aliunganisha redio-kaseti yake na kompyuta, na programu ikaingia. Redio za Uholanzi na Uingereza pia zilijaribu njia hiyo.

Leo wale waliokuwa vijana siku zile wako na miaka 50 na zaidi. Wamoja wao wanatafuta tena zile mashini, wanazinunua okazyo, wanazifungua na kuzitengeneza. Wanatafuta nini ndani ya chombo cha zamani vile?

Kompyuta gani hizo?

Zilikuwa kompyuta za nyumbani, ndogo, nyingi zikiwa kibodi tu yenye mashini ndani yake. Hazikuwa na kioo chao: uliziunganisha na televisheni ya familia. Kule Uingereza, kampuni ya Clive Sinclair ilitoa ZX Spectrum tarehe 23 Aprili 1982, na ile yenye memori ya kilobaiti 48 ilikuwa pauni 175. Mwaka huo huo, Marekani ilitoa Commodore 64, kwa dola 595 mwanzoni. Ile Commodore iliuzwa zaidi ya milioni 10 duniani.

Kilobaiti 48 ni kidogo sana. Picha moja ya kawaida unayotuma kwa WhatsApp mara nyingi haingeenea humo. Lakini ndani ya nafasi hiyo watu waliandika michezo, hesabu za duka na masomo ya watoto.

Kelele inakuwaje programu?

Kompyuta inajua vitu viwili tu: 0 na 1. Kwa ZX Spectrum, 0 ilikuwa mlio mfupi, na 1 mlio mrefu mara mbili. Kaseti haijui kama inabeba wimbo, mahubiri ao programu. Inashika sauti tu. Njo maana redio pia iliweza kubeba programu. Kujaza memori yote ya kilobaiti 48 kulichukua karibu dakika 5. Kama sauti ilikuwa chini sana, ao kaseti ilikuwa na vumbi, mashini ilikataa na ulianza upya.

Kule Yugoslavia, sheria ya forodha ilizuia watu kuingiza vitu vya bei kubwa kutoka inje. Fundi mmoja, Voja Antonić, akatengeneza mupango wa kompyuta rahisi, ikaitwa Galaksija. Gazeti likatoa mupango huo wote mwisho wa 1983, na maelfu ya watu wakaagiza vipande na kuziunganisha wenyewe nyumbani.

Kwa nini wanazikumbuka?

Kumbukumbu za utoto ziko ndani, hakuna mwenye kubisha. Lakini kuna sababu ingine. Ukiwasha kompyuta ile, ilikungojea uandike amri yako, basi. Haikuomba intaneti, wala akaunti, wala kurudilia programu mpya kila mwezi. Na ikiharibika, ulitoa visi, ukaona kila kipande kwa macho yako. Linganisha na simu ya leo yenye batri iliyobandikwa na gundi: hata fundi wa mtaa anaogopa kuifungua.

Lakini mashini hizo ziko zinakufa. Plastiki inageuka njano ju ya mwangaza. Kondensateri zinavuja. Batri za ndani zinatoa maji yanayokula nyuzi. Chombo cha kuletea Commodore 64 umeme kinaweza, kikizeeka, kupitisha nguvu kupita kipimo na kuchoma ndani. Na kaseti zinapoteza sauti polepole. Kwa hiyo wakusanyaji hawashindi tu wakicheza. Wanasikilizisha kaseti moja moja na kuhamisha zile kelele ndani ya faili. Programu iliyobaki kwa kaseti moja tu, ile kaseti ikioza, imekwisha. Michezo ya kuuzwa imeokolewa mingi, sababu nakala zilikuwa nyingi. Zile vijana walijiandikia nyumbani, nyingi zimepotea.

Inatuhusu nini hapa kwetu?

Hapa mashariki, nyumba zilizokuwa na kompyuta za vile zilikuwa chache. Lakini kaseti tulikuwa nazo: za ndoa, za kwaya, za matangazo ya redio, za sauti ya babu akieleza ukoo. Adui zake ni wale wale: joto, vumbi, unyevu. Na sisi tunaongeza mwingine, ni kukimbia vita na kuacha kila kitu nyuma. Ile kazi ya wakusanyaji inaweza kufanyika hapa pia, bila feza nyingi:

Kwanza, vunja vile vijino viwili vya juu ya kaseti, ili mtu asirekodi juu yake. Usiiweke karibu na bafle, sababu sumaku yake inaharibu sauti.

Pili, zungusha utepe polepole kwa kalamu, uone kama haukukwama. Ukiona ukungu mweupe, usiiweke ndani ya mashini, mpelekee fundi.

Tatu, tafuta redio-kaseti nzima sasa. Kila mwaka zinapungua, na bila yenyewe kaseti ni plastiki tu.

Ine, toa kamba kutoka tundu la ekuteri hadi tundu la kurekodia la kompyuta. Rekodi faili ya WAV, isikilize yote, halafu andika jina la anayesema, mahali na mwaka, wakati angali kuna mtu anayejua.

Tano, weka nakala mbili, mahali pawili: moja kwa flashi nyumbani, ingine kwa ndugu anayekaa mji mwengine. Ukilazimika kutoka usiku, flashi inaingia mfukoni, lakini katoni ya kaseti itabaki.