Bidhaa Inaporudishwa Kutoka Ng'ambo: Mambo ya Kuzingatia kwa Wauzaji wa Mtandaoni

Wafanyabiashara wa Kitanzania wanaouza vikapu, vinyago, picha za Tingatinga, nguo za vitenge, viungo na bidhaa nyingine kupitia masoko ya kimataifa ya mtandaoni wanapaswa kufahamu kuwa mauzo hayakamiliki siku fedha zinapoingia. Mnunuzi aliyeko Ujerumani, Uingereza au Marekani ana haki na fursa za kurudisha bidhaa au kudai fedha zake kwa muda fulani baada ya kuipokea, na gharama ya madai hayo inaweza kuzidi faida ya mauzo mengi yaliyotangulia.

Tofauti kati ya muuzaji anayehimili madai hayo na anayepoteza mtaji hutokana zaidi na alichokiandika kwenye ukurasa wa duka lake kabla ya kuuza, kuliko namna anavyojibu mnunuzi akishalalamika. Makala hii inaeleza sheria za masoko makuu, utaratibu wa majukwaa, masuala ya forodha na hatua ambazo muuzaji anapaswa kuchukua mapema.

Aina tatu za madai

Madai ya kurejeshewa fedha hugawanyika katika makundi makuu matatu. La kwanza ni la mnunuzi aliyebadili mawazo, ambapo bidhaa ni nzima na inalingana na maelezo yake, ila haitaki tena. La pili ni la bidhaa yenye kasoro, iliyovunjika njiani au isiyofanana na picha na maelezo yaliyotolewa. La tatu ni la bidhaa ambayo haikumfikia mnunuzi.

Katika kundi la kwanza, muuzaji anaweza kuweka masharti kwa kadiri sheria ya nchi ya mnunuzi inavyoruhusu. Katika makundi mawili yanayofuata, nafasi ya muuzaji kukataa ni ndogo sana. Kwa mfano, chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, bidhaa huwa katika dhamana ya muuzaji hadi mnunuzi atakapoipokea mkononi. Kifurushi kikipotea kati ya Dar es Salaam na Hamburg, hasara ni ya muuzaji, naye ndiye atakayefuatilia fidia kwa msafirishaji. Kwa sababu hiyo, stakabadhi ya kutumia mzigo na namba ya ufuatiliaji ni nyaraka za kutunzwa kwa uangalifu.

Umoja wa Ulaya: siku 14 na sentensi moja ya kuandika

Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2011/83 kuhusu haki za walaji yanampa mtu aliyenunua mtandaoni siku 14 tangu alipopokea bidhaa kujitoa katika ununuzi bila kutoa sababu yoyote. Muuzaji asipomfahamisha mnunuzi kuhusu haki hiyo, muda huo huongezeka kwa miezi 12.

Mnunuzi akishatoa taarifa ya kujitoa, muuzaji anatakiwa kurejesha fedha ndani ya siku 14. Hata hivyo, muuzaji anaruhusiwa kuzizuia fedha hizo hadi apokee bidhaa au apate uthibitisho kwamba imekwisha kutumwa.

Kiasi kinachorejeshwa ni bei ya bidhaa pamoja na gharama ya awali ya usafirishaji wa kawaida. Chukua mfano wa kikapu cha euro 40 ambacho usafirishaji wake wa kawaida ni euro 25 na wa haraka ni euro 60. Mnunuzi akichagua usafirishaji wa haraka kisha akajitoa, muuzaji hurejesha euro 65, yaani bei ya kikapu na usafirishaji wa kawaida. Ziada ya euro 35 hailazimiki kurejeshwa. Lakini kama duka lilitoa njia moja tu, ile ya euro 60, muuzaji atarejesha euro 100. Hivyo, ni vyema kuwapa wanunuzi zaidi ya njia moja ya usafirishaji.

Suala lenye uzito zaidi ni gharama ya kurudisha bidhaa. Kwa mujibu wa maelekezo hayo, gharama hiyo hubebwa na mnunuzi, isipokuwa pale muuzaji alipokubali kuibeba au alipokosa kumfahamisha mnunuzi kuwa ni jukumu lake. Muuzaji ambaye hakuandika sentensi hiyo moja kwenye sera yake anaweza kujikuta akilipia mzigo kutoka Ulaya hadi Tanzania kwa gharama inayozidi thamani ya bidhaa yenyewe.

Zipo bidhaa ambazo haki ya kujitoa haizihusu. Miongoni mwake ni bidhaa zilizotengenezwa kwa vipimo au maelekezo ya mnunuzi, bidhaa zinazoharibika haraka, na bidhaa zilizofungwa kwa sababu za afya au usafi ambazo mnunuzi amekwisha kuzifungua. Hapa wauzaji wengi wa kazi za mikono hukosea. Bidhaa haipati msamaha huo kwa kuwa tu imetengenezwa kwa mkono. Kikapu kilichosukwa na kuwekwa dukani kikisubiri mnunuzi yeyote kinaweza kurudishwa; kilichosukwa kwa ukubwa alioagiza mnunuzi au kwa kuandikwa jina lake hakiingii katika haki hiyo. Hata hivyo, chenye kasoro hubaki na kasoro, na mnunuzi anaweza kudai hata kama kilikuwa cha oda maalumu.

Uingereza na Marekani

Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2013 kuhusu mikataba ya walaji zinatoa siku 14 za kujitoa baada ya kupokea bidhaa, na siku nyingine 14 za kuirudisha. Aidha, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kuikataa bidhaa yenye kasoro na kurejeshewa fedha zote.

Marekani haina sheria ya shirikisho inayomlazimisha muuzaji kupokea bidhaa nzima kwa sababu tu mnunuzi amebadili mawazo. Huko, sera ya muuzaji na masharti ya jukwaa ndivyo vinavyotawala. Hata hivyo, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho inamtaka muuzaji kutuma bidhaa ndani ya muda alioahidi, au ndani ya siku 30 kama hakutaja muda. Akishindwa, anapaswa kumfahamisha mnunuzi na kumpa nafasi ya kukubali ucheleweshaji au kufuta oda na kurejeshewa fedha. Kwa muuzaji anayesubiri fundi amalize kinyago, ni salama zaidi kutaja muda halisi wa kukamilisha kazi kuliko kuahidi haraka isiyowezekana.

Masharti ya majukwaa

Mbali na sheria za nchi, kila jukwaa lina masharti yake, na mara nyingi hayo ndiyo humfikia muuzaji kwanza. Katika eBay, mnunuzi akifungua ombi la kurudisha bidhaa, muuzaji ana siku tatu za kazi za kujibu. Akikaa kimya, mnunuzi anaweza kuliomba jukwaa liingilie kati. Muuzaji wa Tanzania anapaswa kuweka utaratibu wa kukagua ujumbe kila siku, kwa kuwa saa zinapishana na sikukuu hazifanani.

Amazon, kwa upande wake, inamtaka muuzaji aliyeko nje ya Marekani anayewatumia mwenyewe wanunuzi wa Marekani achague moja kati ya mambo matatu: kutoa anwani ya kupokelea bidhaa ndani ya Marekani, kumpa mnunuzi lebo ya usafirishaji iliyokwisha kulipiwa, au kurejesha fedha zote bila kudai bidhaa irudishwe. Muuzaji asiye na ndugu, wakala au ghala la kukodi nchini humo anapaswa kulifahamu sharti hili kabla ya kufungua duka.

Jambo jingine ni pingamizi la malipo kupitia benki. Mnunuzi aliyelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake irudishe fedha hata bila kuwasiliana na muuzaji. Kwa makosa mengi, mitandao ya Visa na Mastercard hutoa hadi siku 120 za kuwasilisha pingamizi. Muuzaji hujitetea kwa vielelezo: maelezo ya bidhaa yalivyoonekana siku ya mauzo, picha zilizopigwa kabla ya kufunga mzigo, stakabadhi ya usafirishaji na mawasiliano yote. Vielelezo hivyo visifutwe mara tu mzigo unapofika.

Kodi mlangoni kwa mnunuzi

Vifurushi vingine hurudi kwa sababu mnunuzi amekutana na kodi ambayo hakuitarajia, akakataa kupokea mzigo. Tangu tarehe 1 Julai 2021, Umoja wa Ulaya hutoza kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zote zinazoingia kutoka nje, hata za thamani ndogo. Uingereza ilibadili utaratibu wake tarehe 1 Januari 2021, ambapo kwa mizigo isiyozidi pauni 135 inayouzwa kupitia masoko ya mtandaoni, soko ndilo hukusanya kodi hiyo. Marekani ilisitisha tarehe 29 Agosti 2025 msamaha wa ushuru uliokuwa ukitolewa kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800 kutoka nchi zote.

Hivyo basi, ukurasa wa bidhaa ueleze wazi iwapo kodi na ushuru vimejumuishwa katika bei au vitalipwa na mnunuzi wakati wa kupokea mzigo. Thamani inayoandikwa kwenye fomu ya forodha iwe ya kweli. Kuandika thamani pungufu kwa ombi la mnunuzi ni kosa, na pia humnyima muuzaji fidia kamili mzigo unapopotea.

Bidhaa inaporejea nchini

Mzigo unaorudi Tanzania bila maelezo unaweza kuchukuliwa kuwa ni bidhaa mpya inayoingizwa kutoka nje. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina masharti kuhusu bidhaa zinazorejea baada ya kuuzwa nje, lakini ni jukumu la mwenye mzigo kuthibitisha kuwa ni bidhaa ile ile iliyotoka nchini.

Kwa vifurushi vya posta, fomu za forodha za CN22 na CN23 zina kisanduku maalumu cha kuonesha kuwa zilizomo ni bidhaa zinazorudishwa. Muuzaji amwelekeze mnunuzi kuweka alama katika kisanduku hicho, kuandika namba ya oda na kuambatisha nakala ya ankara ya awali. Muuzaji naye atunze nakala ya fomu aliyojaza wakati wa kutuma, pamoja na picha za bidhaa zinazoonesha alama zake za utambulisho.

Mzigo ukifika, ni vyema kuufungua huku ukirekodiwa kwa video, kwani yapo matukio ya wanunuzi kurudisha boksi tupu au bidhaa tofauti. Iwapo bidhaa imetumika kupita kiwango cha kuikagua, sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu mnunuzi kuwajibika kwa thamani iliyopungua, ilimradi alifahamishwa kuhusu haki yake ya kujitoa.

Kurejesha fedha bila kudai bidhaa

Kwa bidhaa za bei ndogo, uamuzi wenye hasara ndogo mara nyingi ni kurejesha fedha na kumwachia mnunuzi bidhaa. Kudai kikapu cha euro 40 kirudi kwa gharama ya euro 50 inayolipwa na muuzaji hakuna faida. Pale kasoro inapokuwa ndogo, pande mbili zinaweza kukubaliana mnunuzi abaki na bidhaa na arejeshewe sehemu ya bei.

Gharama hizi zinapaswa kuingizwa katika bei tangu mwanzo. Muuzaji ajumlishe marejesho ya miezi iliyopita, ayagawanye kwa idadi ya bidhaa alizouza, kisha kiasi hicho akihesabu kama gharama ya kila bidhaa. Vilevile, asitumie fedha zote za mauzo mara zinapoingia; sehemu yake ibaki akiba hadi muda wa madai upite.

Marejesho yote yafanyike kupitia mfumo wa jukwaa, kwa njia ile ile aliyolipia mnunuzi. Muuzaji anayetuma fedha kwa simu au kwa akaunti nyingine anaweza kudaiwa mara ya pili, kwa kuwa jukwaa halitakuwa na kumbukumbu kuwa amekwisha kulipa. Ombi la kurejesha fedha kwa mtu mwingine asiye mnunuzi linapaswa kukataliwa.

Mambo ya kuandika kwenye sera ya duka

Sera iliyo kamili inapaswa kueleza mambo yafuatayo:

- idadi ya siku za kurudisha bidhaa, zisizopungua zile za sheria ya nchi ya mnunuzi;
- nani analipa gharama ya kurudisha mzigo;
- anwani ya kurudishia bidhaa;
- bidhaa za oda maalumu zisizorudishwa kwa kubadili mawazo;
- muda wa kurejesha fedha na njia itakayotumika;
- iwapo kodi na ushuru vimo katika bei.

Kumbukumbu za mauzo na marejesho zitunzwe pia kwa ajili ya kodi, kwani Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka nyaraka zihifadhiwe kwa miaka mitano. Majina, anwani na namba za simu za wanunuzi nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo hazipaswi kusambazwa kwenye makundi ya wauzaji hata pale mnunuzi anaposhukiwa kuwa si mwaminifu.

Wafanyabiashara wenye maswali kuhusu mizigo inayorejea nchini wanashauriwa kufika ofisi za Mamlaka ya Mapato Tanzania kabla mzigo haujatumwa. Wanaotumia posta wapate maelekezo ya fomu na ufuatiliaji wa vifurushi katika ofisi za Shirika la Posta Tanzania, na wanaotafuta masoko ya nje wawasiliane na Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara Tanzania. Kwa kuwa sheria za nchi za wanunuzi na masharti ya majukwaa hubadilika, sera ya duka ipitiwe upya mara kwa mara, na mabadiliko yachapishwe kabla ya kupokea oda mpya.