Subaru za Eastlands: Injini Hutengenezeka, Karatasi Ndizo Balaa

Tangu mwenzetu mmoja huku ng'ambo atume pesa za Subaru iliyokuwa ikiuzwa mtaani Umoja, Nairobi, akaishia kukosa gari na pesa, maswali hayajakoma. Je, Impreza ya turbo aina ya STI iliyokwishatumika bado inafaa kununuliwa? Inafaa. Ila wanunuzi wengi huhofia injini, kumbe kinachowanasa ni karatasi.

Kanuni ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka minane kuingizwa Kenya. Kwa hiyo zile Impreza za turbo za miaka ya 2000 mnazotumiwa picha kutoka Buruburu, Donholm na Komarock ziliingia zamani, na zimepita mikono mingi humu humu. Fundi wako aende asubuhi, injini ikiwa baridi. Akikuta tayari imepashwa moto, arudi siku nyingine. Apime kompresheni ya silinda zote nne. Achungulie maji ya rejeta injini ikiunguruma: mapovu yasiyoisha ni dalili ya gasketi ya hedi. Moshi wa buluu maana yake inakula oili. Hayo yote yana bei, na bei hujadiliwa.

Karatasi hazijadiliwi. Broka atakuonyesha logibuku halali yenye jina la mtu usiyemjua, kisha akwambie mwenyewe yuko safarini, "ataidhinisha tu". Siku hizi uhamishaji wa umiliki huanzia kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, katika akaunti ya mwenye gari aliyesajiliwa. Kushika logibuku mkononi hakusaidii kitu. Na kama mwenyewe amefariki, gari hilo ni la mirathi. Hakuna wa kuliuza mpaka mahakama imteue msimamizi.

Lipia nakala ya rekodi za gari kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari. Gharama yake ni mia chache za shilingi. Linganisha nambari za chasisi na injini zilizo humo na zile zilizopigwa kwenye chuma chenyewe. Mitaani kuna bodi za Impreza za kawaida zilizopachikwa injini za STI bila mabadiliko hayo kuandikishwa. Ukipata ajali na gari kama hilo, kampuni ya bima imeshapata sababu ya kukukwepa.

Hatua ambayo karibu kila mtu huiruka ni sajili ya dhamana, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2017 ya mali zinazohamishika. Gari linaweza kuwekewa rehani huko hata kama logibuku ina jina moja tu, bila la mkopeshaji, na mkopeshaji akalifuata mpaka kwako. Sajili hiyo pia hupekuliwa kupitia eCitizen. Sasa, kama umiliki na madeni vyote viko kwenye mtandao mmoja wa serikali, kwa nini mwananchi alazimishwe kupekua mara mbili? Hatujapata ofisa wa kutujibu.

Nasi tulio ng'ambo tuna kisirani chetu. Laini ya Safaricom imefungwa kwa kutotumika, nambari ya siri ya kuthibitisha ya eCitizen inatumwa huko huko, basi mtu anachoka na kusema: "Liandikwe kwa jina la binamu." Sheria ya Trafiki humhesabu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Binamu akilichukulia mkopo, kazi ya kuthibitisha ni yako, mahakamani, ukiwa Minneapolis. Ukija likizo, fufua laini kwanza; gari litafuata.

Lipa kiasi kidogo cha kushikilia gari kwa mkataba wa wakili, na fedha zilizobaki zitoke tu baada ya uhamisho kuonekana kwenye akaunti yako. Muuzaji akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine njiani, mwambie amuuzie huyo.