Korosho za Kitangari Jikoni



Mtu akituuliza kiungo gani hatuwezi kukiacha, wengi wetu hutaja iliki au zafarani. Karafuu hatuitaji, maana tunayo uani. Kule Kitangari, wilaya ya Newala, kitu cha namna hiyo ni korosho.

Wareno ndio walioleta mkorosho pwani yetu kutoka Brazil, katika karne ya 16. Kazi yake si ndogo. Ganda lina mafuta makali yanayochubua ngozi, basi huchomwa motoni kwanza, ndipo hupasuliwa moja moja. Zikisha twangwa hutiwa katika kisamvu, nacho huwa kizito kama kilichotiwa tui. Aliyeonja hatataka karanga tena, nasema mimi.

Lakini korosho ni fedha. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho ghafi kwa shilingi 3,300 kilo moja. Kilo nne ghafi hutoa kama kilo moja tu iliyobanguliwa. Basi kilo hiyo jikoni ilisimama shilingi 13,200, jasho la mbanguaji halijahesabiwa.

Sisi twajua jaribu hilo, ila letu jepesi: pilau yatosheka na karafuu chache, bali konzi moja ya korosho haitoshi chungu cha watu sita.