Upasuaji wa Mafindofindo kwa Watoto: Uangalizi Usilegezwe Siku ya Saba

Wazazi wengi wanaompeleka mtoto kuondolewa mafindofindo huogopa zaidi siku yenyewe ya upasuaji. Hofu hiyo si ya bure, lakini hatari nyingine huja nyumbani, wakati mtoto amekwishaanza kucheza.

Siku ya upasuaji, jambo la kwanza ni tumbo. Mtu aliyepewa dawa ya usingizi hupoteza kinga ya kukohoa. Chakula kikipanda kutoka tumboni, huweza kuingia mapafuni. Ndiyo sababu mtoto huagizwa asile kwa saa 6, na asinywe hata maji katika saa 2 za mwisho. Uji na chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula, na hapo ndipo bibi mwenye huruma hukosea, akampa mjukuu kikombe alfajiri. Ikitokea hivyo, na isemwe. Upasuaji utaahirishwa tu. Mafua na kikohozi navyo visifichwe, kwani koromeo lenye mwasho huweza kukaza ghafla mtoto anapolala au anapozinduka, hewa isipite.

Damu huweza kutoka katika vipindi viwili. Cha kwanza ni saa 24 za mwanzo. Cha pili ni takriban kati ya siku ya 5 na ya 10, ukoko mweupe uliofunika kidonda unapobanduka. Ukoko huo si usaha, wala usikwanguliwe. Maumivu ya sikio pia ni ya kawaida, kwa kuwa koo na sikio huhudumiwa na mishipa ya fahamu iliyo mamoja.

Mtoto anayevuja damu usiku aghalabu hatemi, humeza. Akionekana anameza mara kwa mara usingizini, akitapika matapishi meusi kama mashapo ya kahawa, au akitema damu mbichi, apelekwe hospitali mara moja, hata kama damu imekatika. Kutoka kidogo huweza kutangulia kutoka kwingi. Njiani aketi akiinama mbele, asipewe chakula wala kinywaji, maana huenda akarudishwa chumba cha upasuaji.

Siku nyingine zote anywe kwa wingi, ingawa koo linauma, na asipewe aspirini.

Familia iishiyo mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji yafaa ipange mapema usafiri wa usiku, au mahali pa kufikia mjini, kwa siku 10 hizo.