Batri yako inalala wapi?



Kwenye ateliye unajua sheria. Batri za lokomotivu huchajiwa katika nyumba yao, madirisha wazi, sigara nje. Lakini jioni, ukisha kuvua salopeti na kurudi kambini, batri ya volti 12 inaingia nawe chumbani ili ipate nguvu ya taa na televizioni ya kesho. Mashini ya kuchajia iko juu ya kiti, na mtoto wako analala hatua mbili tu kutoka hapo. Ndiyo sababu tunasema nawe.

Mashini ile ya kuzimwa kwa mkono haina akili. Batri ikijaa, yenyewe haijui. Inaendelea kusukuma umeme mpaka mtu aje kuizima. Umeme ule, kwa kuwa hauna tena kazi katika risasi, unapasua maji ya ndani yawe gesi mbili, idrojeni na oksijeni. Wengi husikia batri ikichemka, wakafurahi: "Sasa inakula vizuri!" Hapana, imeshiba. Batri iliyojaa, ikisukumwa ampere 6 kwa saa moja, hutoa karibu litri 15 za idrojeni. Haina rangi wala harufu. Ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja inatosha: batri inapasuka na asidi inaruka usoni.

Na cheche haitoki kwa kiberiti tu. Mara nyingi inatoka kwa mkono wako mwenyewe, unapong'oa pinsi umeme ukiwa bado unapita. Kwa hiyo shika utaratibu huu. Mashini iwe imezimwa na prizi imetolewa. Funga pinsi nyekundu kwenye alama ya +, halafu nyeusi kwenye –. Ndipo utie prizi na kuwasha. Ukimaliza, zima kwanza, toa prizi, kisha pinsi. Pete na saa ya chuma uviache mezani, na macho yawe na miwani ile ile unayovaa kazini.

Ampere ngapi? Soma ubavuni mwa batri. Ikiandikwa 60 Ah, weka 6, yaani sehemu moja ya kumi. Ikiwa tupu kabisa, itachukua kama saa 10 hadi 12. Hesabu saa, andika ulipoanza, pitia mara kwa mara kuigusa ubavu. Ikiwa ya moto hata mkono haukai, zima. Iliyovimba ama kupasuka usiichaji hata kidogo.

Utasema: "Kwetu umeme unarudi usiku tu." Tunajua. Basi iweke barazani, chini ya paa, mbali na mbabula na sigara, na uamke kuizima. Ikiwa hakuna wa kuamka, usiiwashe. Taa ya kesho inaweza kungoja siku yako ya konji.

Maji ya kuongeza ni yale yaliyosafishwa kwa batri, si ya robine, wala si asidi. Yaongeze baada ya kuchaji, isipokuwa risasi za ndani zimeonekana wazi: hapo zifunike kwanza. Batri isiyo na bushoni za kufungua, iache ilivyo. Kisha nawa mikono kabla ya kula, maana risasi ni sumu.

Asidi ikiingia jichoni, usikimbilie mafuta wala maziwa. Maji safi, mengi, upesi, dakika 20, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, halafu dispanseri, hata kama maumivu yamepungua. Kwa hiyo ndoo ya maji iwe karibu kabla hujawasha.

Na bibi yako umwonyeshe mahali pa kuzimia. Asidi iliyobaki usiiweke katika chupa ya bia: mtoto mwenye kiu hatauliza ni ya nini.