Hakuna Mnyoo Kwenye Fizi Zako

Awe mchuma chai au mwalimu mkuu, ombi ni lile lile: "Daktari, nitoe hawa wadudu wanaokula fizi." Wadudu gani? Wale waliodondoka kwenye karai la maji hapo Sigowet, mganga alipomfukiza mdomo kwa mbegu za ndulele, labotwet ya Wakipsigis.

Leo tuwamalize. Pasua tunda la ndulele lililoiva, utoe mbegu. Ndani ya kila mbegu kuna kiinitete cheupe, chembamba, kilichojikunja. Mbegu ikipasuka kwenye kaa la moto, kiinitete huchomoka. Huyo ndiye mnyoo wako, umemlipia na pesa. Hebu mwambie mganga afukize karai peke yake, mdomo wako ukiwa mbali, tuone kama wadudu hawatadondoka. Wazungu nao walidanganywa kwa mbegu za mmea wa ukoo huo huo, na Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha 1728, aliwakana minyoo wa meno. Karibu miaka 300, na bado naulizwa!

"Lakini nilipata nafuu." Jipu la ufizi likipasuka maumivu hupungua, moshi uwepo usiwepo. Mfupa unaoshika meno unaendelea kuliwa kimya kimya.

Wanaoleta ugonjwa wa fizi ni bakteria wa ukoga uliogandamana chini ya ufizi. Napima kina cha mfuko kati ya ufizi na kila jino kwa kijiti cha chuma chenye alama za milimita. Hadi 3, sawa. 4, naanza kununa. 6 na usaha juu, nataka eksrei nione mfupa uliobaki. Wewe nyumbani angalia damu kwenye mswaki, meno yanayocheza au kuachana, harufu isiyokwisha. Mvutaji sigara asijisifu kwamba hatoki damu, sigara huificha. Majipu yakirudi rudi, pima sukari. Fizi zikiuma vikali na ncha zake kati ya meno kumeguka, pima na virusi vya UKIMWI.

Tiba: kusafishwa chini ya ufizi kwa ganzi, kupimwa tena baada ya miezi kama 3, upasuaji kwa mifuko iliyobaki, kung'oa jino ikishindikana. Vidonge vya kemisti having'oi ukoga mgumu. Chukua barua ya rufaa uende hospitali ya kaunti, Kericho. Uvimbe ukishuka shingoni, mdomo usifunguke au mate yasimezeke, nenda usiku huo huo.